Simu ilipima mkono wangu bila kuugusa: uzoefu wangu hapa Moshi

Nianze na hukumu kabisa, maana bando ni ghali. Hizi programu za simu za kupima jinsi ubongo unavyoutambua mwili zinafaa, ila pata mtu wa fiziotherapia wa kukusomea majibu. Ukishusha peke yako na kuanza kubofya, utaambulia asilimia na presha.

Mimi ni fundi nguo, nashonea jirani na soko la Mbuyuni. Boda ilituangusha barabara ya Kiboriloni, nikaangukia kiganja cha kushoto, kifundo kikavunjika. Nikafungwa hogo, likafunguliwa, eksirei ikaonyesha mfupa umeunga vizuri. Shida ikaanzia hapo. Mkono ukavimba, ukabadilika rangi, shuka tu likiugusa unawaka. Na kuna jambo niliona aibu kulisema: ulikuwa kama si wangu. Nikifumba macho nauhisi mkubwa kuliko ulivyo. Nikisukuma kitambaa chini ya mguu wa cherehani, lazima niutazame ndipo uende ninapotaka. Kituo cha kwanza nilichokwenda waliniambia navivia mazoezi.

Kijana wa fiziotherapia niliyempata baadaye hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza, "Dada, ukifumba macho unauona una ukubwa gani?" Nilitamani kulia kwa kuulizwa tu. Akanieleza kwamba ubongo una ramani ya kila kiungo, na kiungo kikiuma muda mrefu ramani yake inaweza kuvurugika. Tatizo langu wao huliita CRPS, kifupi cha Kiingereza cha maumivu sugu ya kiungo, na huwapata baadhi ya watu baada ya kuvunjika hata kama mfupa umepona. Kisha akatoa simu. Nilitegemea mashine.

Kipimo cha kwanza ni picha. Inakuja picha ya mkono, umegeuzwa juu chini, umekunjwa, umeshika kikombe, nawe unabofya upesi: kushoto au kulia. Unabofya kwa mkono mzima, ule mgonjwa unapumzika mezani. Utaona ni mchezo wa watoto. Mimi kazi yangu ni kukata mikono ya gauni ikitazamana. Nitupie kipande chochote mezani nitakwambia ni cha upande gani kabla hakijatulia. Lakini picha za mkono wa kushoto zilinishinda. Za kulia nilipata zaidi ya asilimia 90, za kushoto hazikufika 70, na nilikuwa nachelewa. Kibaya zaidi, baada ya picha chache vidole vilianza kuwaka, na hakuna aliyevigusa.

Sababu alinipa, na naona ndiyo roho ya kipimo chote. Ili ujue mkono wa pichani ni wa upande gani, ubongo unakisia kwanza, halafu unauzungusha mkono wako mwenyewe kimawazo mpaka ulingane na ule wa pichani. Ndiyo maana picha iliyogeuzwa sana inachukua muda zaidi hata kwa mtu mzima wa afya. Ramani ikivurugika, mzunguko huo unakwama. Kwa mikono, wenye fani hutazamia usahihi wa asilimia 80 kwenda juu, muda wa sekunde 2 hivi kwa kila picha, na pande mbili zisiachane sana.

Cha pili hakihitaji hata programu ya kununua, kipimapembe cha bure kinatosha. Simu inafungwa kwa bendeji ya kuvutika kati ya kiwiko na kifundo, unafumba macho, anakuinulia mkono mpaka pembe fulani, anaurudisha, kisha unaitafuta pembe ileile mwenyewe. Tofauti ya nyuzi za pembe ndiyo kosa lako. Hapa kuna mtego: kihisio cha simu kinasoma mvutano wa dunia, kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka kinasema kweli, ila ukiuzungusha ubavuni kwa ulalo simu inabidi itegemee dira, na meza ya chuma inaivuruga. Na simu nzito nayo inakuvuta ngozi, unajikuta unapata fununu ya mkono uko wapi. Mimi hiki nakiamini nusu.

Cha tatu tulichora kwenye kishikwambi jinsi ninavyouhisi mkono. Nikachora kiganja kipana ajabu na kidole kidogo sikukiweka. Hakina alama, ila ndicho kilichomfanya mume wangu anyamaze kuniambia nijikaze.

Sasa malalamiko. Programu ya picha niliyonunua inauzwa kwa dola, ikabidi niombe kadi pepe kwenye simu. Maelezo yote ni Kiingereza. Mikono ya pichani karibu yote ni ya Wazungu, nilijibu, ila mama mmoja wa Kibosho tuliyekuwa naye foleni alikataa katakata, "Huo si mkono wangu mimi, nitaujuaje?" Kijana akampiga picha mikono yake mwenyewe akazitumia hizo, na kwa kuwa kushoto na kulia vilikuwa vinamchanganya kuvitamka, akamwambia, "Mama, weka mikono yote mezani, elekeza kichwa upande wa mkono unaofanana na wa pichani." Nilipenda.

Jambo jingine, muda unaosomwa ni wako pamoja na wa simu. Simu yangu ina protekta iliyopasuka, kubofya mara nyingine hakushiki, basi naonekana mzito. Linganisha namba zako kwa simu ileile tu, na ukiona umepanda ghafla angalia kama hujazikariri picha.

Picha hizohizo ndizo zikawa tiba. Mtafiti wa maumivu, Lorimer Moseley wa Australia, alichapisha mwaka 2004 utafiti mdogo wa watu 13 wenye CRPS ya muda mrefu baada ya kuvunjika kifundo kama mimi: wiki mbili kutambua picha, mbili kuwaza mkono ukicheza, mbili kuuficha nyuma ya kioo huku ukitazama taswira ya ule mzima. Maumivu yalipungua. Watu 13 si wengi, nilimwambia kijana hivyo, akakubali, akasema twende tuone. Kioo nilikitoa kwenye chumba cha kujaribia nguo.

Leo sare za shule nashona bila kuutazama mkono. Leso na lesi bado, vitambaa vinavyoteleza bado vinanitoroka. Picha za kushoto zimepita 80, muda haujafikia wa kulia. Wenye programu ya picha nawapa nyota tatu. Ya nne wataipata siku watakapoleta Kiswahili na mikono myeusi, tena bila kudai intaneti kila nikifungua.