"Hamna," Kabla Hata Hajanyanyuka Kitini

Nimeshatulia kidogo, si sana. Siku ileile nilitaka kuandika nikaona nitatukana, nikaacha. Sasa niko safarini, vitabu vimo kwenye begi, na bado nikimkumbuka yule kijana wa kaunta damu inanichemka. Maktaba yenyewe siitaji. Nina hakika wengi wenu mna ya kwenu inayofanana nayo.

Kuna riwaya tatu nilizokuwa nikizitafuta kwa miaka. Mbili ni za Bwana Msa, yule mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla: Duniani Kuna Watu ya 1973 na Siri ya Sifuri ya 1974. Ya tatu ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Hiyo niliwahi kuisoma nusu nikiwa shuleni, mwenyewe akaidai, na tangu hapo sikujua Rehema na Sulubu waliishia wapi. Wapenzi wa riwaya za zamani wanaijua adha hii. Zile mbili za Bwana Msa zilitolewa na East African Publishing House, ambayo haipo tena, kwa hiyo hakuna wa kumwandikia umwagize nakala. Aliyenazo nyumbani haazimi mtu, na simlaumu. Imebaki maktaba.

Nilikuwa na safari ndefu ya kwenda kwa ndugu, mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha na jioni ni ndefu. Nikasema huu ndio wakati wake. Kadi yangu ya uanachama hai, sidaiwi faini, sijawahi kupoteza kitabu cha mtu. Nikaenda.

Kaunta alikuwa amekaa kijana, simu mkononi. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua uso. Nikamwambia natafuta vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Akagonga vitufe viwili vitatu, akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Hamna."

Sikuamini. Nikamwomba anioneshe alivyoandika. Akageuza kioo kwa shingo upande. Alikuwa ameandika "Mohamed Saidi Abdala". Sasa, yeyote aliyewahi kutafuta riwaya zetu za zamani anajua kwamba majina ya waandishi hawa ndiyo mtihani wenyewe. Kuna Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhammed. Kuna Abdala, Abdalla, Abdulla na Abdullah. Mtu huyohuyo anaweza kuingizwa kwenye orodha kwa tahajia moja leo na nyingine kesho, kutegemea aliyekuwa zamu. Kompyuta haina huruma, herufi moja ikipishana inakujibu hakuna. Kazi ya mtu aliyewekwa pale ni kulijua hilo. Kama hakuna haja ya kulijua, basi watutolee kompyuta nje tujitafutie wenyewe.

Nikamwambia kwa upole kabisa, "Kaka, hebu jaribu Muhammed kwa U, na Abdulla kwa U vilevile."

Akanijibu, "Dada, kazi hii naifanya mimi au unaifanya wewe?"

Nikanyamaza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni na wote walisikia. Akaendelea, "Hivyo vya zamani vilishatolewa. Nani anavisoma? Vipya viko pale, chagua uondoke." Alisema hivyo hajanyanyuka kitini. Rafu za fasihi ya Kiswahili ziko hatua chache tu kutoka alipokaa, namba 896.392 imeandikwa kwa herufi nene, unaiona ukiwa mlangoni. Hakugeuza hata shingo.

Kama ningeandika siku ile ningeishia hapa, na ushauri wangu ungekuwa mmoja tu: msiende, mtajipotezea nauli.

Lakini palikuwa na mzee mmoja, mkutubi wa siku nyingi, anasukuma kile kitoroli cha vitabu vilivyorudishwa. Akasimama. "Abdulla yupi, mwanangu? Wa Bwana Msa?" Nikamwamkia, nikamwambia ndiye huyohuyo. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za rafiki yake. "Nisubiri," akasema, akaingia chumba cha nyuma.

Alikaa kidogo. Alipotoka alikuwa navyo vyote viwili, vimefungwa kwa uzi wa katani, vumbi tele. Jalada la Siri ya Sifuri limeshikizwa kwa gundi ya karatasi iliyogeuka njano, lakini nilipofungua kurasa zote zimo, nilizikagua palepale. Nyota ya Rehema hakuwa na haja ya kuiendea nyuma. Alinipeleka rafuni, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu na kuivuta kati ya Asali Chungu na Dunia Mti Mkavu. Lebo zote zinasomeka MOH. Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed, waandishi wawili tofauti kabisa, wamechanganywa kwa sababu herufi tatu za mwanzo za majina yao ya mwisho zinafanana. Mzee anajua. Yule kijana aliyeko hatua chache hajui na hataki kujua.

Ndipo akanionesha jambo lililoniuma kuliko ile kauli chafu. Mnaijua ile karatasi ya tarehe inayobandikwa mwanzoni mwa kitabu, inayopigwa muhuri kila kinapoazimwa. Kwenye Duniani Kuna Watu mihuri ya juu imebanana, inapandiana, watu walikuwa wakikigombania. Halafu inapungua. Wa mwisho umefifia hata mwaka hausomeki vizuri. Mzee akaniambia kwamba wanapopunguza vitabu huanza kutazama hapo. Kisichoazimwa muda mrefu ndicho kinachotolewa kupisha vipya. Chumba cha nyuma ndiko vinakosubiri.

Fikirieni hapo. Msomaji anakuja, anaambiwa hamna, anaondoka. Muhuri haupigwi. Anakuja mwingine, hamna. Mwisho wa yote wanakaa kikao wanasema kitabu hiki hakina wasomaji, kitolewe. Wasomaji walikuwepo! Walifukuzwa kaunta na mtu aliyekosea tahajia. Riwaya ambazo mchapishaji wake hayupo zinauawa namna hii, nakala moja moja, na mtu anayelipwa mshahara azitunze. Halafu kwenye sherehe tunasimama kusema vijana hawasomi.

Basi nikarudi kaunta na vitabu vyangu vitatu nikiwa na furaha hiyo, nimeshasamehe. Kijana akavipiga muhuri bila neno. Nikatazama tarehe ya kurudisha, nikaona inaangukia katikati ya safari. Nikamweleza, nikamwomba aniongezee muda kabisa. "Kuongeza unakuja mwenyewe na vitabu mkononi tarehe ikifika." Nikamuuliza nitakujaje na niko mbali? "Basi usichukue." Na mkono akaunyoosha avirudishe! Mzee alijaribu kunisemea, akaambiwa mfumo haukubali. Inawezekana ni kweli haukubali, sikatai. Lakini mfumo haukumtuma anyooshe mkono ule.

Nikaviweka kwenye begi nikaondoka. Faini nitalipa.

Nyota ya Rehema nimeimaliza usiku wa kwanza kwa tochi ya simu. Sikumbuki ni lini kitabu kilinikamata hivyo. Kiswahili chake kimenyooka, kitamu, na mwandishi hamhurumii msomaji hata kidogo. Nilipofika kurasa za mwisho nilikaa kitako nikalia. Duniani Kuna Watu ninaichelewesha makusudi, nasoma sura moja ninafunga, Bwana Msa na msaidizi wake Najum wakae nami mpaka siku za mwisho.

Kwa hiyo msiende? Niliyasema hayo hapo juu na sasa nayafuta. Nendeni. Lakini msikubali jibu la kaunta. Mkiambiwa hamna, ulizeni kimeandikwaje, ulizeni kama kuna chumba cha nyuma, piteni rafuni wenyewe mkague lebo zinazofanana. Mtafuteni mtu mzima anayesukuma kitoroli. Na hapo hasira inanirudia tena, maana yule mzee mvi zimejaa kichwani, siku zake za kustaafu haziko mbali. Akiondoka, ile orodha iliyomo kichwani mwake nani ataiandika? Wakubwa wa maktaba wakisoma haya, wamkalishe kaunta angalau mara moja kwa wiki, na yule kijana asukume kitoroli ajifunze vitabu viliko.

Nikirudi nitapita kwanza kwa mzee. Nataka Mwana wa Yungi Hulewa ya 1976, na jina la mwandishi nitakuwa nimeliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, U zote mbili nimezipigia mstari.