Daktari bingwa wa usingizi Dodoma: tathmini ya huduma, kuanzia kliniki hadi wodini

Tathmini hii ni ya daktari bingwa wa ganzi na usingizi anayefanya kazi katika hospitali moja ya binafsi mjini Dodoma, na ambaye vituo vidogo humwita siku za upasuaji wa kupangwa. Jina lake na la hospitali hatulitaji. Tunachopima ni kazi yenyewe: anavyomwandaa mgonjwa, anavyomlaza, anavyomwamsha, na kinachotokea akishatoka thieta.

Kwanza elimu, kwa sababu wengi hawajui wanayekabidhiwa. Sehemu kubwa ya dawa za usingizi nchini, hasa nje ya hospitali kubwa, hutolewa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea fani hiyo kwa mafunzo ya nyongeza. Wengi wao ni hodari na bila wao hospitali za wilaya zisingeweza kupasua. Bingwa ni ngazi nyingine: miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha shahada ya uzamili ya ganzi na usingizi. Mabingwa wa fani hii Tanzania ni wachache mno, chini ya mmoja kwa kila watu 100,000. Huyu tunayemtathmini amefanya ubingwa kwa zaidi ya miaka 10, na leseni yake imebandikwa ukutani ikionyesha mwaka unaoendelea. Ukitaka kuhakiki daktari yeyote, angalia daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha chuo peke yake hakisemi kama bado anaruhusiwa kufanya kazi.

Kliniki yake ndiyo inayostahili sifa kubwa kuliko yote. Mgonjwa anaonwa akiwa ameketi, ametulia, si juu ya kitanda cha magurudumu mlangoni mwa thieta. Mzee anapewa shikamoo kabla ya swali lolote. Kisha maswali yanakuja kwa mpangilio: umewahi kupata nusu kaputi au sindano ya mgongo, uliamkaje, una pumu, una selimundu, unakoroma usiku hadi pumzi inakatika? Swali ambalo wengine hulisahau yeye halisahau: "Mama, kuna ndugu yeyote wa damu aliyepata homa kali ghafla, au aliyechelewa sana kuamka, baada ya dawa ya usingizi?" Jibu la ndiyo linabadilisha dawa zote. Suksametonium, ile ya kulegeza misuli haraka, pamoja na gesi kama halotheni na aisoflureni, zinaweza kumwasha mwili mtu mwenye urithi huo hadi joto lipande kwa kasi ya kuua. Na mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja suksametonium anaweza kubaki amelegea kwa saa kadhaa badala ya dakika chache.

Miti shamba anaiulizia waziwazi na bila kukaripia. Hilo ni jambo kubwa, maana anayeogopa kugombezwa huficha, na baadhi ya dawa hizo huongeza kuvuja damu au hushusha sukari. Dawa za hospitali anaziandika moja moja kwenye karatasi: za presha, amlodipine na atenolol zinamezwa asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo, losartan na enalapril kwa kawaida zinaachwa siku hiyo, kwa kuwa zinaweza kuangusha presha chini ya usingizi na kuifanya iwe ngumu kupandisha, metformin ya kisukari haimezwi mtu akiwa amefunga.

Halafu anakagua njia ya hewa. Mdomo ufunguke vidole vitatu, shingo ipinde nyuma, na umbali kati ya kidevu na koromeo usipungue sentimita 6. Meno yanayolegea yanahesabiwa na kuandikwa, hasa kwa watoto wa miaka 6 hadi 8, kwa sababu jino likidondoka wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia kooni huweza kuishia kwenye pafu.

Maelezo ya kufunga kula ni bora kuliko tunayoyaona sehemu nyingi. Kawaida mgonjwa huambiwa tu asile chochote tangu saa 6 usiku. Upasuaji ukisogezwa hadi saa 8 mchana, mtoto amekaa saa 14 bila hata maji: sukari inashuka, mishipa inasinyaa, sindano haiingii. Huyu daktari anahesabu kurudi nyuma kutoka saa ya upasuaji. Chakula chepesi kinakoma saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4 kabla, maji na chai ya rangi saa 2 kabla. Ukipangiwa saa 2 asubuhi, mwisho wa kula ni saa 8 usiku na mwisho wa maji ni saa 12 alfajiri. Mlo mzito au wenye mafuta unahitaji saa 8. Uji wa ulezi, hata ukiwa mwepesi namna gani, ni chakula, si kinywaji, na chai ya maziwa vilevile. Hapa Dodoma hili linahitaji kurudiwa, maana bibi atamnywesha mjukuu uji alfajiri kwa huruma na kusema hajala. Chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akishapoteza fahamu, na hapo huruma imegeuka hatari.

Kuhusu vifaa, thieta anayofanyia kazi ina kipima oksijeni cha kidoleni na kipima hewa ya kaboni inayotoka kwa kila pumzi. Hicho cha pili ndicho kinachoitofautisha na thieta nyingi za kanda ya kati. Mgonjwa aliyevuta oksijeni safi kwa dakika 3 kabla ya kulazwa anaweza kuonyesha asilimia 99 kidoleni kwa dakika kadhaa hata kama mpira umeingia kwenye umio badala ya koo la hewa. Kipima kaboni kinasema ukweli ndani ya pumzi chache. Kwa kipima cha kidoleni, akina mama waje bila rangi ya kucha na bila piko walau kwenye kidole kimoja. Rangi nyeusi huzuia mwanga na namba zinakuja za uongo. Asubuhi za baridi za Juni na Julai vidole baridi hufanya hivyohivyo, na yeye huhamishia kifaa kwenye ndewe ya sikio badala ya kuchezesha waya.

Oksijeni inatoka kwenye mashine inayochuja hewa ya kawaida. Vumbi letu la kiangazi linaziba kichujio, na usafi wa oksijeni ukishuka chini ya asilimia 82 mashine hiyo haifai kutegemewa. Umeme ukikatika inasimama. Kwa hiyo mtungi wa akiba ni lazima, na hesabu yake ni rahisi: mtungi wa saizi E uliojaa una lita 680, kwa lita 5 kwa dakika unadumu saa 2 na robo. Ukiwa nusu, ni saa 1 na dakika chache. Mgonjwa wa kuhamishwa kutoka Kondoa au Mpwapwa kuja mjini hafiki na mtungi wa nusu. Daktari huyu anausoma mkono wa geji mwenyewe kila asubuhi, na mfuko wa kupulizia kwa mkono unaning'inia pembeni ya mashine.

Sindano ya mgongo anaipiga vizuri sana. Kwa upasuaji wa uzazi anatumia dawa ya ganzi, bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.5, kwa sindano nyembamba ya namba 25 yenye ncha ya penseli. Sindano nene yenye ncha ya kukata ndiyo inayoacha tundu linalovujisha maji ya uti wa mgongo, na kesho yake au keshokutwa mama anaumwa kichwa kikali kila akikaa na kupata nafuu akilala. Baada ya sindano mama anainamishwa kidogo upande wa kushoto ili mji wa mimba usibane mshipa mkubwa wa damu, presha inapimwa kila dakika mwanzoni, na efedrini, dawa ya kupandisha presha, imekwishavutwa kwenye bomba kabla haijahitajika. Kiwango cha ganzi anakipima kwa kitu cha baridi, hadi usawa wa chuchu. Kisu hakianzi kabla ya hapo, hata mpasuaji akiwa na haraka.

Ile hofu kwamba sindano hii inachoma uti na kupoozesha anaijibu kwa kuonyesha mahali: uti wenyewe, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, huishia kwa kawaida usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, yeye anachoma kati ya ya tatu na ya nne.

Watoto anawapima uzito kwenye mizani, hakisii. Mpira wa koo anauchagua kwa umri kugawanya kwa 4, kisha kujumlisha 4, na anaweka mezani saizi moja juu na moja chini.

Sasa upungufu, na haukustahili kuwepo kwa daktari wa kiwango hiki. Kliniki yake hufanyika siku moja tu kabla ya upasuaji. Mtu akikutwa na presha 190 kwa 110 siku hiyo, upasuaji usio wa dharura unaahirishwa, naye amekwishalipa nauli kutoka Chemba na kuacha shamba. Wiki mbili kabla zingetosha kurekebisha dawa. Pili, chumba cha uangalizi kina muuguzi mmoja, na daktari anaingia upasuaji unaofuata akimwachia maagizo ya maumivu yasemayo "inapohitajika". Kwa mgonjwa asiyetaka kusumbua watu, hiyo ina maana ya kutopewa. Parasetamo gramu 1 kila saa 6 kwa mtu mzima iandikwe kwa saa, na diklofenaki iongezwe kama figo na tumbo havina tatizo. Tatu, mama anaruhusiwa kwenda nyumbani bila karatasi inayomweleza kuhusu kile kichwa cha baada ya sindano wala namba ya kupiga. Karatasi ya nusu ukurasa ingelimaliza.

Gharama yake haionekani peke yake, imefichwa ndani ya bei ya upasuaji. Omba mchanganuo kabla ya kusaini ridhaa, na uulize bima yako inalipia sehemu ipi.

Kwa ngiri, uzazi wa kupangwa, uvimbe wa kizazi na upasuaji wa mifupa wa kawaida, tunampendekeza bila kusita. Mwenye ugonjwa wa moyo unaomfanya ahemee kitandani, mtoto mchanga, au anayetarajiwa kuhitaji mashine ya kupumulia baada ya upasuaji apelekwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya rufaa yenye uangalizi maalumu. Daktari mwenyewe huwaandikia rufaa wagonjwa hao, na hilo nalo tunaliweka kwenye hesabu ya ubora wake. Ukienda, beba dawa zako zote kwenye mfuko, vyeti vya upasuaji wa zamani, na mtu anayejua ulikula nini mara ya mwisho.