Zotero: nzuri, ila ripoti za serikali inazikoroga

Msimu wa kukusanya tasnifu, steshenari za huku Ng'ong'ona, Dodoma, hujaa watu wanaolipia kupangiwa marejeleo. Kabla hujatoa hela yako, jaribu Zotero. Ni programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeleo, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, na ikishaingia kwenye laptop inapiga kazi hata bando likikata.

Ukiwa kwenye Word unachagua chanzo, jina na mwaka vinakaa ndani ya sentensi, na orodha ya mwisho inajipanga yenyewe. Makala ya jarida yenye DOI (namba ya utambulisho wake mtandaoni) unabandika namba hiyo tu, taarifa zinakuja.

Kasheshe ni nyaraka zetu wenyewe, na sisi tunaosomea elimu tunaishi kwa ripoti za serikali. Chukua ripoti ya Sensa ya 2022. Mwandishi mmojawapo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, lakini Zotero ina visanduku viwili, cha jina la ukoo na cha jina la kwanza. Usipoangalia, kwenye orodha anatokea bwana mmoja wa ukoo wa Takwimu, hiyo Ofisi imebaki herufi ya mwanzo! Pembeni ya jina kuna kialama kidogo. Kibofye, visanduku viungane kuwa kimoja, kisha andika jina zima. Wizara, tume na halmashauri, hivyo hivyo. Vichwa vya makala vinavyokuja kwa herufi kubwa tupu navyo utavirekebisha mwenyewe.

Usishtuke ukikosa "Dar es Salaam" kabla ya jina la mchapishaji. Mtindo wa marejeleo wa APA, toleo la saba, lililotoka 2019, limeondoa mji. Msimamizi aliyezoea la sita atakuzungushia wino mwekundu, kwa hiyo muulize mapema idara inafuata lipi, uchague mtindo huo.

Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni MB 300, PDF zinaimaliza upesi. Zangu naziacha kwenye laptop, na nakala kwenye flashi.

Ukimpelekea mtu wa steshenari faili apange kurasa, mpe nakala uliyokwisha kuitenganisha na Zotero. Akiigusa orodha kwa mkono kwenye faili lako la kazi, ukija kuongeza chanzo kimoja tu, marekebisho yake yote yanafutika na hela hairudi.

Nyota nne kati ya tano.