Antena ya duara kwenye jahazi: uzoefu wangu baina ya Dar na Unguja

Mimi ni nahodha wa jahazi la mashine. Tunabeba saruji, unga na bidhaa za madukani baina ya Dar es Salaam na Unguja, na tuko watu saba chomboni. Asiyeijua kazi hii hudhani tunasafiri muda wote. Kwa kweli nusu ya maisha yetu ni kusubiri: kusubiri nafasi ya kufunga gati, kusubiri wachukuzi, kusubiri bahari itulie. Usiku wa kusubiri tumetia nanga, mabaharia wanataka mambo matatu: taarifa ya habari, utabiri wa hali ya hewa, na mpira. Kwa hiyo televisheni kwangu si anasa. Nimehangaika nayo miaka mingi, na naandika haya ili mwenye chombo kama changu asipoteze fedha nilizopoteza mimi.

Nianze na usiku ulionifanya nikate shauri. Tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia, AFCON ya Ivory Coast. Tulikuwa tumetia nanga nje ya Malindi, bandari ya Unguja, na mechi ilianza saa mbili usiku. Antena yetu ilikuwa ile ya kawaida ya nyumbani, yenye vijiti vingi kama mfupa wa samaki, imefungwa kwenye bomba nyuma ya kibanda cha usukani. Msuva alifunga dakika ya 11, tukaliona bao vizuri kabisa, chombo kizima kikapiga kelele. Baada ya hapo maji yakawa yanajaa, jahazi likaanza kugeuka kwenye nanga taratibu, na picha ikaanza kuganda na kukatika vipande vya mraba. Kijana mmoja akawa ameshika bomba kwa mikono miwili.

"Nahodha, imerudi?"

"Rudisha kidogo upande wa omo, huko mbele, mwanangu. Hapo hapo. Usiachie."

Alisimama hivyo karibu kipindi chote cha pili, na upepo wa kaskazi unampiga. Dakika ya 88 picha ikaganda tena. Tukasikia ukelele wa masikitiko kutoka jahazi la jirani, na picha iliporudi Zambia walikuwa wanakumbatiana. Daka alikuwa amesawazisha. Yule kijana karibu hakuona chochote cha kipindi kile, na alikuwa ndiye mpenzi wa mpira kuliko sote. Jambo hilo liliniuma.

Nilikuwa nimeshaambiwa na mafundi wawili kwamba tatizo langu ni nguvu, ninunue antena kubwa zaidi na kikuza mawimbi kikubwa zaidi. Ushauri huo ni wa nyumbani. Nyumba haigeuki. Antena ya vijiti hupata nguvu zake kwa kutazama upande mmoja, na kadiri inavyokuwa na vijiti vingi ndivyo jicho lake linavyokuwa jembamba. Chombo kilichotia nanga kinageuka na maji yanapokupwa na kujaa, kila saa sita hivi, na katikati yake upepo nao una neno lake. Siku za bamvua mkondo unakivuta kwa nguvu, siku za maji mafu kinazubaa tu na kufuata upepo. Ukiiongezea nguvu antena ya namna hiyo unazidisha ubishi wake na bahari.

Na televisheni ya kidijitali haina huruma. Zamani za analojia, mawimbi yakipungua ulipata chenga lakini mpira uliuona. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar mwisho wa mwaka 2012, king'amuzi ama kinapata cha kutosha na picha inang'aa, ama hakipati na picha inaganda. Katikati hakuna kitu.

Wengine wataniuliza mbona nisifunge ungo. Nilijaribu. Ungo wa sentimita 60 unataka kuelekezwa kwenye setilaiti kwa usahihi wa nyuzi moja au mbili. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ungo wake huku kwetu hutazama magharibi, umeinuka kidogo kupita nusu ya anga. Ule wa DStv, nyuzi 36 mashariki, hutazama juu karibu na utosini. Jahazi likiyumba nyuzi tano tu, vyote viwili vimepotea. Tulipofunga gati na maji yametulia ungo wangu ulishika. Tulipotoka, basi. Yapo maungo ya baharini yanayofunikwa kwa kuba jeupe, ndani yana mota na vihisi vinavyoyarudisha kwenye setilaiti kila chombo kinapoyumba. KVH ya Marekani ilikuwa ikiyatengeneza, na Intellian ya Korea Kusini inayatengeneza. Ni maelfu ya dola. Wenye yoti za watalii wanaweza, jahazi la saruji haliwezi. Kutazama kwa bando la simu nako kunawezekana ukiwa karibu na pwani, ila watu saba kwa dakika 90 kila mechi, hesabu utaijua mwenyewe.

Nilichonunua ni antena ya duara ya baharini, mfano wa sahani iliyofunikiwa kwa nyingine, plastiki nyeupe, upana wake kama sinia la watu wawili. Ndani yake zipo antena zinazosikia pande zote kwa usawa, pamoja na kikuza mawimbi kidogo. Kampuni kadhaa zinatengeneza, Glomex ya Italia na Shakespeare ya Marekani zikiwa miongoni mwake, na zipo za bei ndogo zisizo na jina kubwa. Yangu niliagiziwa na jamaa, ikanifikia kwa Sh 480,000 pamoja na usafiri. Najua ni fedha nyingi. Sharti langu lilikuwa ipokee UHF yote inayotumiwa na televisheni za kidijitali, MHz 470 mpaka 694, na kikuza mawimbi chake kitumie volti 12 moja kwa moja kutoka betri.

Hapa pana jambo wauzaji hawalisemi: antena inayosikia pande zote ina nguvu ndogo kuliko ile ya vijiti ikiwa imeelekezwa sawasawa. Ukiwa nyumbani usinunue, utajuta. Faida yake ni moja, kwamba haijali chombo kimeelekea wapi. Kwa chombo, hiyo faida moja ndiyo kila kitu.

Tuliifunga mwanzoni mwa Machi, siku chache kabla ya Ramadhani. Nilitaka iwe juu ya mlingoti, mita 9 kutoka majini, badala ya mita 4 juu ya kibanda. Mafundi wa redio wana kanuni yao: kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa mnara, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita ambazo mawimbi yanaweza kufika kabla ya mzingo wa dunia kuyaficha. Kwa mnara wa mita 100 juu ya usawa wa bahari na antena ya mita 9 unapata kama kilomita 53. Kwa mita 4 unapata 49. Tofauti ni ndogo, nakubali. Ila juu ya mlingoti antena imepita vibanda na milingoti ya majahazi mengine, na bandarini Malindi tunavyobanana, hilo lina maana kubwa kuliko hizo kilomita nne. Niliiweka zaidi ya mita moja mbali na antena ya redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo, maana redio ile inapotuma kwa wati 25 inaweza kukiziba masikio kikuza mawimbi chochote kilicho jirani.

Siku ya kwanza tuliipenda wote. Wiki ya tano ikaanza kuganda.

Nikadhani nimetapeliwa. Nikapanda mwenyewe mlingotini na kufungua kiungo cha waya. Fundi aliyenisaidia kufunga alikuwa ameziba kwa silikoni, kazi safi ya kupendeza kwa macho. Nilipoikata kwa kisu ilinuka siki. Ndani, uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umegeuka kijani, na ile suka ya nje ilikuwa nyeusi na nyevunyevu karibu shibri nzima kuingia kwenye waya. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hula shaba. Chumvi ikamalizia. Nilikata nusu mita ya waya, nikaweka kiungo kipya, nikakizungushia utepe wa mpira ule unaojigandisha wenyewe bila gundi, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateremke na yasipate mahali pa kuingilia. Chini yake nikauachia waya kitanzi kinachoning'inia, matone yadondokee pale. Picha ikarudi kama siku ya kwanza. Antena haikuwa na kosa lolote.

Mahali pa pili tulipoteseka ni taa. Kila jioni mpishi akiwasha taa ya LED jikoni, chaneli mbili zinapotea. Ilituchukua siku tatu kulihusisha hili na lile. Taa zile za bei rahisi zina kijisakiti kinachopiga kelele ya redio, na waya wake ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa antena kutoka shetri, yaani nyuma ya chombo, mpaka kibandani. Nilibadilisha taa, nikatenganisha nyaya, yakaisha. Kidhibiti cha sola nacho kinaweza kuleta shida hiyo hiyo mchana.

Umeme hausumbui. TV yetu ni ile ya sola ya inchi 24, inakula wati 30 hivi, yaani ampea mbili na nusu. Saa tatu za jioni ni kama ampea-saa nane kwenye betri ya 100. Paneli moja ya wati 100 inarudisha kesho yake bila taabu. Usitumie inveta kama TV na king'amuzi vyote vinakubali volti 12.

Tukiwa tunasafiri, na chombo kinapanda na kushuka, TBC na ITV zinabaki mpaka tunakaribia katikati ya mkondo wa bahari ulio baina ya Dar na Unguja. Pale, kwa saa moja au zaidi kutegemea mwendo, hakuna kitu cha kutegemea, na sikutarajia kipatikane. Upande wa pili lazima utafute chaneli upya kwenye king'amuzi, kwa kuwa masafa ya Unguja na ya Dar si yale yale. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, ingawa kosa si la antena.

Jaribio lililoniridhisha kabisa halikuwa la mpira. Mwanzoni mwa Mei 2024 kilikuja Kimbunga Hidaya, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa tahadhari moja baada ya nyingine. Tulikuwa Malindi, tumeongeza nanga ya pili, amari zote, yaani kamba za nanga, tumezikagua. Jahazi lilikuwa linavuta huku na huku kama ng'ombe aliyefungwa. Tulikaa sote ndani ya kibanda tukatazama ramani kwenye kioo, kimbunga kiko wapi na kinaelekea wapi, na picha haikuganda kwa muda wa kutuharibia maana. Serang wetu, yaani mkuu wa mabaharia, mtu mzima aliyeanza bahari kabla sijazaliwa, alisema zamani walikuwa wanalitazama wingu tu. Siku ile alilitazama wingu na akatazama na televisheni.

Lalamiko moja halisi juu ya antena yenyewe: vifungio vyake vya plastiki vilichanika kwa jua baada ya mwaka mmoja, nikaviondoa na kuweka vya chuma kisichoshika kutu. Kwa bei ile, wangeviweka wenyewe tangu mwanzo.

Mwenye ngalawa au mashua ndogo inayorudi nyumbani kila jioni, simshauri. Mwenye chombo kinacholala nangani, namwambia anunue, na aweke akiba ya Sh 30,000 kwa waya mzuri na ule utepe. Mimi kiungo cha mlingotini nakifungua kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, asubuhi kabla ya kuvuka, na shaba ilikuwa bado nyekundu.