Matembezi ya mwamba wa Malindi: mazuri, ila chagua siku

Haya ni matembezi ya saa mbili chini ya Nguzo ya Vasco da Gama. Yafanywe siku za bamvua tu, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakipwa mwendo wa saa nne asubuhi. Maji mafu, yanayopwa kidogo tu, huacha nusu ya mwamba chini ya bahari, na pesa umeshalipa. Makubadhi waachie wa barazani, mwamba huu unakata kama msumeno.

Linalostahili nauli ni matumbawe yenyewe, yamesimama palepale yalipoota miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ikiwa juu ya leo kwa mita 6 hadi 9. Inama uone vijitundu vilivyojipanga kama sega la nyuki. Tone la siki juu ya kipande kilichoanguka hutoa povu: ni chokaa. Usivunje kilicho hai.

Kasoro ni maelezo. Kiongozi husema ardhi ndiyo iliyoinuka. Sababu kubwa ni barafu ya nchi za baridi za mbali: ilipoyeyuka, maji yalipanda, ilipokusanyika tena, hadi kilele cha miaka 21,000 iliyopita, bahari ilishuka mita 120 hivi. Visiwa vya Lamu vilikuwa bara wakati huo!

Panga ya Saidi, pango la watu wa kale, kiongozi analigusa kwa sentensi moja, uchoyo mtupu. Kaburi la mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3 lililopatikana humo, lililotangazwa 2021, lina miaka 78,000 hivi, na pango liko kaunti hiihii ya Kilifi.

Maji ya kunywa beba yako.