"Juu Kumejaa": Uzoefu Wangu na Basi Jipya la Ghorofa

Nitoe hukumu mapema, maana hasira bado ninayo: gari zuri, huduma ya hovyo, na ile skrini waliyoibandika chini ya ngazi, ningepewa nyundo dakika ile ningejua pa kuanzia.

Sisi wapenzi wa mabasi tulilingoja gari hili muda mrefu. Tulirushiana picha zake likiwa bado halijafungwa viti, tukabishana usiku kucha juu ya ekseli ya tatu, na wapo waliokwenda kukesha nje ya karakana, kamera shingoni, kama wanasubiri bibi harusi atoke. Mimi nilikataa kwenda. Nilitaka safari yangu ya kwanza iwe ya abiria wa kawaida: nauli yangu mkononi, kituo cha katikati ya njia, saa ambayo watu wanatoka kazini. Basi la kubeba watu wengi lipimwe watu wakiwa wengi. Likiwa tupu, hata mkweche unapendeza.

Urefu, idadi ya viti, uwezo wa betri, sivisemi. Viko kila mahali, na wenzangu wameshavikariri. Mlio nao hakuna wa kusimulia. Wale wanaorekodi sauti za gia wameshafiwa, gari hili linaondoka kimya kabisa. Mimi nataka kusema habari ya mkono wa mtu.

Nilipopanda, chini palikuwa hapapumuliki. Watu wameshika bomba wawili wawili, mikoba usoni mwa watu. Nikaelekea kwenye ngazi. Kijana wa huduma, wale waliovalishwa vizibao vya kung'aa ili watuelekeze siku hizi za mwanzo, akanyoosha mkono toka ukingo mmoja wa ngazi hadi mwingine.

"Kaka, rudi nyuma. Juu kumejaa."

"Umepanda ukaona?"

"Sina haja ya kupanda. Soma pale."

Nikasoma. Skrini inasema viti vilivyo wazi juu ni 0. Sawa, nikanyamaza, nikashika bomba na mimi. Kituo kilichofuata wakateremka wanafunzi, kundi zima, wanasukumana na kucheka. Nyuma yao mzee mmoja na fimbo yake, taratibu. Wote wakatokea mlango wa kati. Nikatazama skrini: 0.

"Mdogo wangu, hao wote wametoka juu."

"Mfumo utajirekebisha."

Haukujirekebisha. Kituo kingine, wengine wakashuka, na mmoja wao alipofika ngazi ya mwisho akatushangaa: "Juu kweupe, nyie mnasimamia nini?" Pembeni yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye kitako cha mtoto. Nikamwonyesha kijana yule mama. Jibu lake silisahau: "Wewe ndiye unayehesabu au mashine?"

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, kwa sababu kijana hakuielewa na waliomfundisha inaonekana hawakumweleza. Hakuna jicho linaloangalia viti kimoja kimoja. Juu ya ngazi kuna kihisio kinachohesabu wanaopanda na wanaoshuka, kisha programu inatoa kwenye jumla ya viti. Basi. Wanafunzi wawili wakishuka bega kwa bega, wakahesabiwa mmoja, yule wa pili amebaki juu kwenye kumbukumbu ya mashine, amekaa, hashuki tena, hata kama saa ile yuko kwao anakula. Kila kituo kinaongeza mizimu mingine. Baada ya muda ghorofa nzima imejaa watu wasiokuwepo, na sisi wenye miili tunabanana chini.

Tena kanuni ya kutosimama juu siipingi, nisije nikaeleweka vibaya. Ni kanuni ya maana. Uzito ukiwa juu, gari linapenda kulala kwenye kona. Uingereza, kabla ya basi la ghorofa kuruhusiwa kubeba abiria, aina yake hupimwa kwa kuinamishwa ubavu hadi nyuzi 28, juu kumewekwa uzito kana kwamba kumejaa watu, na lisianguke. Kwa hiyo juu ni wa kukaa tu, wa kusimama wote ni wa chini. Lakini fikirini maana yake: uwezo wote tunaousifia, hilo neno "kubeba wengi" lililotufanya tukeshe, umekaa kwenye vile viti vya juu. Visipojazwa, mmenunua basi la kawaida mkalibebesha chumba cha hewa.

Hapo ndipo nilipowakumbuka makondakta wa Routemaster, basi la ghorofa la zamani la London. Gari lile liliingia kazini London mwaka 1956 na likafanya kazi ya kila siku mpaka 2005, na kondakta wake alipanda ngazi mwenyewe kukata tiketi. Alijua juu kuna nafasi kwa kuwa miguu yake ilitoka huko sasa hivi. Ikaja Leyland Atlantean, basi jingine la ghorofa la Kiingereza, mwaka 1958, injini ikapelekwa nyuma, mlango ukaja mbele kando ya dereva, na baada ya muda dereva akaachwa peke yake. Hata hivyo hawakumwacha kipofu. Mabasi ya namna ile yalifungwa periskopu, kioo cha juu ya dereva cha kumwonyesha ghorofa ya pili. Leo kuna kamera. Katika gari hili jipya dereva ana picha ya juu mbele ya uso wake, nimeiona kwa macho yangu wakati napanda! Mtu mmoja angemuuliza tu, "Dereva, juu vipi?" Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilipofungua mdomo nimuulize, kijana akaniambia haturuhusiwi kumsumbua dereva. Kweli, bango lipo. Likanichoma zaidi.

Na kuna kisa ambacho kila mpenzi wa mabasi anakijua. Mwaka 1952 basi la ghorofa la njia ya 78 lilikuwa linavuka Tower Bridge pale London, daraja ambalo barabara yake hugawanyika katikati na kuinuka ili meli zipite, likaanza kufunguka gari likiwa juu yake. Dereva akaona barabara mbele yake inashuka. Akakanyaga mafuta, akaruka. Basi likatua upande wa pili. Yule aliamini macho yake, hakusubiri mtu amletee taarifa. Sisi tulikuwa na ngazi chache tu mbele yetu na tukashindwa na tarakimu moja.

Tulipandaje hatimaye? Alipanda mtu wa kiti cha magurudumu. Hapa lazima niseme haki, ingawa inaniuma: kijana yule yule aliruka chini kutandaza njia ya kiti, akamwamkia yule baba kwa heshima, akawaomba watu wasogee, akahakikisha kiti kimefungwa vizuri, hakuwa na haraka hata kidogo. Alifanya kazi ile vizuri kuliko wengi niliowaona. Lakini mkono wake ulikuwa umetoka kwenye ngazi. Nikamwambia yule mama, "Dada, pita." Akapita. Nikafuata. Nyuma yetu ikafuata nusu ya ghorofa ya chini.

Juu palikuwa na watu wa kuhesabika, wametapakaa. Safu kwa safu viti vitupu. Siti ya mbele kabisa upande wa mlango, ile ambayo kwa watu wa aina yetu ndiyo basi lenyewe, hiyo ilikuwa tupu inanisubiri.

Jamani. Nimekaa pale na matusi yote yakayeyuka. Kioo ni kimoja, kikubwa, kinaanzia chini ya magoti, hakuna nguzo katikati. Gari likikata kona, wewe uko mbele ya tairi za mbele, kwa hiyo unapelekwa kwanza juu ya barabara nyingine halafu ndiyo gari linageuka chini yako. Tumbo linajua kabla ya macho. Matawi yanakuja moja kwa moja usoni, yanapiga kioo, pa, na unarudisha kichwa nyuma hata ukijua kioo kipo. Abiria mmoja wa makamo nyuma yangu alicheka kwa sauti kila tawi lilipopiga, hakujali nani anamtazama. Viti havitikisiki. Kiyoyozi kinafika mpaka mbele, jambo ambalo kwa mabasi ya ghorofa si la kawaida, jua la kioo kikubwa kama kile huwashinda wengi. Nilikuwa tayari kuwasamehe wote. Nilikuwa tayari kuandika nyota tano na kusema yaliyotokea chini ni mambo ya wiki za mwanzo.

Kisha ikaja kushuka.

Ngazi ni moja. Milango ni miwili, sawa, lakini ngazi ni moja, na pale juu yake tulikutana sisi tunaoshuka na wale ambao sasa walikuwa wanapanda baada ya habari kuenea kwamba kuna viti. Nani anampisha nani? Gari limesimama, wa chini wanapiga kelele, mlango ukafungwa. Nilishushwa kituo cha mbele, yule mama naye kituo cha mbele, na mtoto kaamka analia. Waliolipatia gari hili mwili mkubwa hivi walipaswa kulipatia na njia ya kutokea. London walipoleta basi lao jipya mwaka 2012 waliliwekea milango mitatu na ngazi mbili. Mabasi marefu ya ghorofa ya Berlin, yale ya kampuni ya MAN, yalikuwa na mpango huo huo. Singapore wamejaribu vivyo hivyo. Mtaniambia Hong Kong wanaendesha magari ya mita 12.8 kwa milango miwili na ngazi moja na maisha yanaendelea. Ni kweli, na nawaheshimu. Ila wao wamekuwa na mabasi ya ghorofa tangu 1949. Abiria anaanza kuteremka kabla ya kituo bila kuambiwa. Sisi tunaanza leo, na mwalimu tuliyepewa ni yule mwenye mkono.

Nimewaandikia wenye basi. Wamejibu upesi, wanashukuru kwa maoni yangu na wananihimiza nizingatie taarifa zinazoonekana kwenye skrini za ndani ya gari. Nimeisoma barua hiyo mara ya pili nikidhani ni utani.

Kwa hiyo nyota zangu? Nilianza na moja, juu kule zikawa tano, ngazini zikarudi mbili, na nilipokumbuka alivyomhudumia yule baba wa kiti cha magurudumu nikaongeza ya tatu. Baada ya barua yao nimeiondoa. Gari lenyewe, likiendeshwa na watu wenye akili, ni la nne na nusu, nusu iliyobaki ni ya ngazi. Mkitaka kulijaribu, pandeni kituo cha kwanza kabisa, mashine ikiwa bado haijaanza kuhesabu watu, na kaeni mbele upande wa mlango. Mimi nitakuwa nimeshakaa upande wa pili.