Vifaa vya mkia wa farasi wa maonyesho: kipi ununue kwanza

Pesa ya kwanza iende kwenye vitu vinavyozuia singa, yaani nywele ndefu za mkia, kukatika. Vya kung'arisha vitasubiri. Singa iking'oka leo, itachukua miaka kabla nyingine haijaota na kufika karibu na kwato.

Namba moja ni dawa ya kupuliza yenye silikoni. Hii hufanya singa ziteleze, mafundo yakafunguka bila kuvutwa. Puliza, subiri ikauke kidogo, kisha tenganisha kwa vidole ukianzia nchani na kupanda juu taratibu. Chupa ya bei nafuu haina ubaya, mradi silikoni imo. Ila isifike mgongoni, maana tandiko nalo litateleza.

Namba mbili ni chanuo la meno mapana, au burashi ya nywele za watu yenye meno yanayopinda. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha katikati ya meno. Plastiki duni huacha kijimshono chenye makali pale kalibu zilipokutana. Ukucha ukikwama hapo, na singa zitakatikia hapo hapo. Vitana vya chuma vya meno membamba viache kwa ajili ya manyoya ya shingoni.

Shampuu naiweka ya tatu, na yoyote isiyo kali inatosha. Kazi iko kwenye kusuuza: povu likibaki kwenye ngozi ya shina la mkia, farasi atawashwa, na usiku mmoja wa kujisugua ukutani unaweza kuharibu matunzo ya miezi. Akiendelea kujisugua hata baada ya kusuuzwa vizuri, usinunue chupa nyingine. Huenda ni minyoo, chawa au mzio wa kuumwa na visubi. Mwite daktari wa mifugo.

Mfuko wa mkia, unaofunika singa zilizosukwa, ni wa nne, tena kwa masharti. Suka singa kuanzia chini ya pale mfupa unapoishia, na fundo la mfuko lipite ndani ya msuko. Ukifunga kwenye mfupa wenyewe, damu inaweza isipite. Bendeji ya safari, inayozungushwa mkiani farasi anaposafirishwa, nayo ni hivyo hivyo: isikazwe sana, wala isilale usiku kucha. Msimu wa inzi chagua mfuko wenye vishada chini, la sivyo umemnyang'anya farasi mgwisho wake.

Unga wa lishe kwa ajili ya singa sioni haja yake kwa farasi anayekula vizuri.

Mkia wa bandia ndio wa mwisho. Soma kanuni za shindano kwanza, kwani si kila daraja linauruhusu. Ukiruhusiwa, chagua rangi kwa kulinganisha na singa za chini, siyo za juu: jua huzipausha ncha, na huko chini ndiko majaji wanakoona tofauti.